Sura ya Tisa: Gobori Lisilo na Fataki

Jaji alikuwa ameshavua miwani na kuilaza mezani, na kila aliyezoea kuhudhuria Mahakama Kuu ilipokuja kukaa Arusha alijua maana yake. Adhabu inakuja. Mshtakiwa alisimama kizimbani ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Alikuwa Anaeli wa Akheri, mkulima wa kahawa, mtu wa Kanisa, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kushitakiwa hata kwa kuku wa jirani. Alikwisha kukiri. Alisema kwamba walikwenda msituni kurina asali, yeye na rafiki yake Parsimei, Mwarusha wa Elerai. Kwamba alikuwa akilichezea gobori lake huku fataki iko juu yake, likafyatuka, na Parsimei akafa palepale. Ni kosa la kuua bila kukusudia, kwa uzembe mkubwa. Kilichobaki ni kutaja miaka.

"Si uzembe huo!"

Sauti ilitoka nyuma. Lengai, ndugu wa marehemu, alikuwa amesimama juu ya benchi.

"Waligombana! Yuko mtu aliwasikia wakigombana! Kamuua ndugu yangu kwa kusudi!"

Askari walimshusha. Mkalimani akatafsiri. Jaji akavaa miwani yake tena, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akauliza ni nani aliyeipeleleza kesi hii.

Sajenti Ndesanjo alisimama. "Hakuna, Bwana Jaji. Mshtakiwa alikuja kituoni mwenyewe, gobori begani, akasema nimeua."

"Kwa hiyo Tanganyika mtu akijileta mwenyewe hapelelezwi?"

Watu walicheka, Ndesanjo hakucheka.

"Sikiliza, Sajenti," Jaji akasema. "Aliyemlenga mwenzake kwa hasira, aliyechezea bunduki kama mtoto, na aliyepatwa na mkosi, hao watatu hawafungwi miaka ileile. Mmoja wao hata hastahili kesi hii, anastahili kamba. Nitatoa adhabu Jumatatu. Kabla ya hapo nataka kujua jambo moja tu: bunduki ile ilikuwa mkononi mwa nani?"

Mtu mwingine angeinama na kwenda zake kutafuta maneno ya kumridhisha mzungu. Ndesanjo hakuwa mtu wa namna hiyo, na ndiyo maana nasimulia habari zake. Alikuwa Mmachame, mfupi, mwenye mwendo wa polepole uliowaudhi wakubwa wake, na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao laiti ungewaambukiza askari wote: hakuamini kitu mpaka akishike. Alitoka mahakamani akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha vielelezo.

Konstebo Mikaeli, ambaye ndiye aliyempokea Anaeli siku ile, alilitoa gobori na kuliweka mezani.

"Lilikuja hivihivi?"

"Hivihivi, Afande. Nilifunga karatasi ya kielelezo nikalitia kabatini. Nani atataka kuligusa? Bunduki ya maiti hiyo."

Gobori, kwa asiyelijua, ni bunduki ya kizamani. Baruti na marisawa, zile risasi ndogondogo, hutiwa kupitia mdomoni na kushindiliwa kwa mdeki, ufito wake mrefu. Nyuma pana kichuchu cha chuma chenye tundu. Juu yake huvishwa fataki, nyundo inaigonga, cheche zinaingia tunduni na mzigo unalipuka. Bila fataki nyundo hugonga chuma kitupu, na hapatokei neno.

Ndesanjo aliinama mpaka pua ikakaribia chuma. Nyundo haikuwa imelala juu ya kichuchu. Ilikuwa imesimama nusu, kwenye jino lake la kwanza, kama wawindaji wanavyoiacha wakiwa safarini.

"Mikaeli, bunduki ikishapigwa, nyundo inakuwa wapi?"

"Chini, Afande."

"Na hii je?"

Konstebo alitazama. "Labda aliivuta mwenyewe baadaye."

"Labda. Ivute kidogo. Polepole."

Mikaeli alijaribu kwa kidole gumba. Nyundo haikutikisika. Kwenye shina lake palikuwa na kitu cheusi kilichoganda, kimeshuka kutoka kwenye kichuchu na kutapakaa hadi kwenye ubao. Ndesanjo alikikwangua kwa ukucha, akakinusa, akakiweka kwenye ulimi.

"Nta," akasema. "Nta ya nyuki. Iliyeyuka, ikachuruzika, ikaganda, ikaishika nyundo hapohapo iliposimama. Tangu ilipoganda hakuna aliyeivuta wala kuiangusha."

"Sasa lilifyatukaje, Afande?"

"Hilo ndilo swali. Na ubao hapa umeungua, unaona? Haukuchomwa na baruti. Baruti haichomi polepole namna hii." Alijiinua. "Siku alipokuja, Anaeli alikuwaje?"

Mikaeli alicheka kidogo, kisha akakumbuka kuna maiti katika habari hii na kuacha kucheka. "Uso ulikuwa umevimba, Afande, macho hayaonekani. Nyuki walimfanya vibaya. Mikono pia."

"Na marehemu? Ulimwona?"

"Nilimwona. Huyo hakuwa na hata kipele."

Njia ya mwongo fupi, wahenga walisema, lakini yule wa Akheri alikuwa ameijengea njia yake ukingo. Alikuwa amejitia hatiani kwa maneno machache, yaliyonyooka, ambayo hakuna askari angetaka kuyapinga. Ndesanjo alianza kumheshimu hata kabla ya kujua kwa nini anadanganya.

*

Mtu aliyesikia ugomvi alikuwa Anyesi, mwanamke wa makamo aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe kwenye ukingo wa msitu siku ile. Ndesanjo na Mikaeli walimkuta palepale Akheri, mzigo wa majani kichwani, na hakuutua alipokuwa akiongea. Wanawake wa mlimani husimama na mizigo yao wakizungumza mambo ya saa nzima, na shingo hazilalamiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umetumwa na yule Lengai?"

"Nimetumwa na Jaji. Ulisikia nini?"

"Nilisikia kelele. Mmoja anasema 'Nitapanda!' mwingine anasema 'Hupandi!' 'Nitapanda!' 'Hupandi, nimesema!' Basi. Baadaye nikasikia mlio."

"Nani alisema atapanda?"

"Yule Mwarusha. Namjua kwa sauti, anaongea kama anaita ng'ombe walio ng'ambo. Anaeli ndiye alikuwa anamkatalia."

"Walikuwa na hasira?"

Anyesi alimtazama kana kwamba ameuliza kama maji yana unyevu. "Hasira gani? Walikuwa wanagombea kupanda mti! Parsimei ana goti bovu tangu lini, kila mtu anajua. Mwenzake anamhurumia, yeye hataki kuhurumiwa. Nilimwambia Lengai walikuwa wanapigiana kelele, hakungoja nimalize. Wenye msiba wana masikio ya namna yake."

"Na mwisho nani alipanda?"

"Mimi nilikuwa nakata majani, baba. Lakini mwenye goti bovu hapandi ule mti."

Aliwaonyesha mahali. Ulikuwa mti mrefu, mzinga ukiwa juu kabisa kwenye matawi, na gome la shina lilikuwa na mikwaruzo mipya ya kamba. Chini palikuwa na majivu ya moto uliowashwa kwa ajili ya kienge, lile bunda la majani na magome yanayofuka moshi ambalo mrina asali hupanda nalo kuwalevya nyuki. Kando ya majivu palichomekwa kijiti chenye panda.

Ndesanjo alizunguka mpaka akapata mti mwingine, mdogo, ng'ambo ya majivu, wenye matundu. Alichokonoa kwa kisu na kutoa marisawa moja, kisha ya pili. Ya juu ilikuwa imeingia usawa wa kifua, ya chini usawa wa kiuno, na zote zilikuwa zimekwenda zikipanda. Alichomeka ujiti katika kila tundu, akalala kifudifudi kwenye tope na sare yake ya serikali, akafumba jicho moja na kuangalia ujiti ulikoelekea.

"Afande, tope," Mikaeli akasema.

"Njoo ulale na wewe."

Mikaeli alilala. Ukifuata ujiti kinyumenyume, ulishuka, ukashuka, mpaka ukafika kwenye kile kijiti chenye panda kando ya majivu.

"Mtu anayechezea bunduki huishika wapi?"

"Kiunoni, Afande. Au begani."

"Hii ilipigwa chini ya goti. Iliegemezwa hapa, kitako kimekaa kwenye majani, mtutu umelala kwenye panda, na kichuchu kimeelekea moto." Alijipangusa kifua bila mafanikio. "Parsimei alisimama hapa, mbele yake. Na Anaeli alikuwa kule juu, nyuki wanamla uso."

*

Nyumba ya Anaeli ilikuwa katikati ya migomba, kahawa imepandwa chini ya kivuli chake mpaka mlangoni. Mkewe, Marta, alikuwa akimenya ndizi. Aliwakaribisha, akawapa viti, akaendelea kumenya. Ni mwanamke ambaye macho yake yalikuwa mekundu lakini kisu chake hakikukosea.

"Mama, mumeo hufanya nini gobori likiwa na mzigo na anasafiri nalo?"

"Anaziba kwa nta."

"Wapi?"

"Pale kwenye tundu. Huku kwetu umande wa msituni unaloanisha baruti. Anaziba, na fataki hawezi kuiweka mpaka amwone nyati kwa macho yake. Baba yake alimfundisha hivyo, tena kwa fimbo."

"Siku ile fataki zilikuwa wapi?"

Kisu kilisimama. Marta alimtazama Sajenti, akatazama mlango, kisha akainuka akaingia ndani. Alirudi na kikopo kidogo cha bati, kile wanachouza kwenye duka la Wahindi mjini. Karatasi iliyozungushiwa mfuniko ilikuwa nzima, gundi yake haijaachia hata pembeni.

"Alinunua Jumamosi, za zamani zilikwisha. Alipanda nacho mtini, kimefungwa kwenye kiuno, ili kikae mbali na moto. Aliporudi kuita watu wamchukue marehemu, alinikabidhi hiki akaniambia nisiseme."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimekwambia, aliniambia nisiseme."

"Na leo?"

"Leo umeniuliza," Marta akasema. "Siku zote hizi hakuna aliyeniuliza. Niliapa kutosema, sikuapa kutojibu."

Alikaa akachukua ndizi nyingine. Ndesanjo alitamani kumpa mkono, akaona haifai, akasema tu, "Ahsante, mama." Kuna wanawake ambao wakiolewa na mtu jasiri huwa jasiri kwa njia yao wenyewe, na mtu huyo hajui mpaka siku ya mwisho.

*

Alfajiri ya siku iliyofuata, nyuma ya uwanja wa shabaha wa polisi, Ndesanjo alifanya alichokuwa amekuja nacho kichwani tangu Akheri. Alichukua gobori lingine lililotaifishwa, akalishindilia baruti, marisawa akaziacha. Hakuvisha fataki. Aliziba tundu kwa nta, akaliegemeza kwenye kijiti chenye panda, akawasha moto wa magome kando yake, umbali uleule. Kisha akamwita mkaguzi wa kizungu aje ashuhudie, maana alijua kesho Jaji angeuliza nani mwingine aliona.

Walisubiri. Mkaguzi alitazama saa yake, akatazama mawingu juu ya Meru. Nta ilianza kung'aa, ikalegea, ikachuruzika. Mabaki yake kwenye tundu yalishika moto kama utambi wa mshumaa. Ulikuwa mwali mdogo, mzuri hata.

Gobori lilinguruma. Mkaguzi aliruka, kofia ikaanguka. Nyundo ilikuwa imesimama nusu, vilevile ilivyoachwa, na nta ikiwa inaganda kwenye shina lake.

"Vizuri sana, Sajenti," mkaguzi akasema, akiitafuta kofia. "Vizuri sana."

*

Anaeli aliletwa kutoka mahabusu, akakaa kwenye kiti. Uvimbe wa nyuki ulikwisha kushuka, na alionekana mtu wa makamo, mtulivu, mwenye mikono ya kahawa.

Ndesanjo aliweka kikopo cha fataki mezani, karatasi yake haijachanwa.

Anaeli alikitazama. "Marta."

"Nilimuuliza, akanijibu. Usimlaumu."

"Simlaumu."

"Wewe ulikuwa juu ya mti. Gobori halikuwa mkononi mwako wala mwa mtu yeyote. Parsimei aliliegemeza motoni."

"Mvua ilikuwa imenyesha," Anaeli akasema. "Nililiacha limelala kwenye jani la mgomba, mbali. Yeye akaona linaloa. Parsimei akiona kitu kimeloa lazima akianike motoni. Nilimwona kutoka juu. Nilipiga kelele, nyuki wamejaa mdomoni."

"Kwa nini basi unataka kufungwa?"

"Unatoka wapi, Sajenti?"

"Machame."

"Basi unajua. Mtu akiuawa na mwenzake, hata kwa bahati mbaya, ukoo wa muuaji unatoa ng'ombe. Aliyejiua kwa uzembe wake mwenyewe hatolewi hata mbuzi. Wanasema amejitakia. Namnyaki, mkewe, ana watoto wadogo na hana mnyama hata mmoja, wote waliuzwa alipougua mwaka juzi. Nikisema ukweli, nimemtoa Parsimei kaburini nikamwita mjinga mbele ya watu, na mjane wake nikamwacha mikono mitupu."

"Ni miaka mingi, Anaeli."

"Kahawa yangu Marta ataichuma. Ndugu zangu watatoa ng'ombe, tumeshakubaliana. Miaka ni yangu, naweza kuitoa."

"Unanitaka nimdanganye Jaji?"

"Sikutaki udanganye. Nataka usiulizwe."

"Nimeshaulizwa."

Anaeli aliinamisha kichwa. Nasema wazi, sijui watu wangapi katika wilaya nzima wangefanya alichokifanya mtu huyu, tena bila kumwambia hata mchungaji wake. Ndesanjo, ambaye kwa kazi yake alikuwa amewasikiliza waongo wa kila aina, alikaa mbele ya uongo wa kwanza ambao alitamani ungekuwa kweli.

"Nitasema nilichokishika," hatimaye akasema. "Lakini kuna mtu lazima asikie kabla ya Jaji."

*

Namnyaki alikuwa Elerai, akikamua ng'ombe wa jirani kwa malipo ya kibuyu cha maziwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye Kiswahili cha sokoni alichojifunza akiuza maziwa mjini. Ndesanjo alisimama mpaka alipomaliza, kisha akamweleza yote, bila kuzunguka. Habari ya nta, habari ya panda, habari ya kikopo, na kwa nini Anaeli alisema aliyoyasema.

Namnyaki alifunika kibuyu.

"Viatu vyangu vya harusi," akasema. "Aliviweka motoni vikauke. Vikaungua. Nilicheka siku ile."

Aliweka kibuyu chini.

"Anaeli akiachwa hivi, anafungwa?"

"Miaka mingi."

"Na wewe ukisema?"

"Huenda akatoka. Lakini ng'ombe wa damu hamtapata."

"Unaniuliza mimi, au unaniambia?"

"Nakuambia, mama. Jaji ataniuliza nami siwezi kumdanganya. Niliona si haki usikie kwa mara ya kwanza kule, mbele ya watu."

"Umefanya vizuri kuja kwa miguu yako." Aliinua kibuyu. "Kesi ni saa ngapi?"

*

Jumatatu mahakama ilijaa hadi madirishani. Ndesanjo alisimama akaeleza kituo kwa kituo: nyundo na nta iliyoishika, marisawa na mstari ulioshuka kwenye majivu, uso uliovimba wa mmoja na uso mzima wa mwingine, kikopo ambacho hakikufunguliwa, na jaribio ambalo mkaguzi alilishuhudia. Hakuongeza chumvi. Alipofika kwenye ugomvi, aliyanukuu maneno ya Anyesi kama yalivyo, na hata Lengai aliinamisha macho, kwa sababu goti la ndugu yake alilijua.

Jaji alimgeukia mshtakiwa. "Haya ni kweli?"

"Nilishakiri, Bwana Jaji. Sina la kuongeza."

"Nakuuliza kama ni kweli."

Anaeli alikaza midomo. Angekaa hivyo mpaka jioni, na nadhani Jaji aliliona hilo. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka kati ya benchi.

"Ni kweli."

Namnyaki alikuwa amesimama, shanga zake zote shingoni, kama mtu aliyekuja kwenye sherehe. Wakili wa serikali alitaka kupinga, Jaji akamwinulia kidole.

"Mimi ni mke wa Parsimei. Mume wangu alikuwa mtu mzuri, na alikuwa na kichwa kigumu. Alikausha kila kitu kwa moto. Ameweka bunduki ya mwenzake motoni, bunduki imemuua. Mimi ndiye mwenye msiba, si mwingine. Msinifungie mtu eti nipate faraja. Sitapata."

Alikaa. Mkalimani alitafsiri.

Lengai aliinuka nusu, akafungua mdomo. Namnyaki aligeuka akamtazama tu. Lengai akakaa.

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Aliwauliza wazee wa baraza, nao wote wawili walisema neno moja. Kisha akavua miwani.

"Uzembe upo," akasema. "Mwenye gobori lenye mzigo haliachi nyuma yake, hata likiwa limezibwa, hata kukiwa na rafiki wa kulilinda. Lakini uzembe una ukubwa wake, na huu si ule uliokiriwa mbele yangu wiki iliyopita. Mshtakiwa alitunza fataki mbali, aliziba tundu, aliacha silaha mbali na moto, na wakati wa mkasa alikuwa juu ya mti. Kisha akajaribu kuibeba hatia ambayo si yake, kwa sababu ambazo Sajenti amenieleza, na ambazo mimi, kama mtu, naziheshimu kuliko nyingi nilizowahi kuzisikia katika kiti hiki. Kama Jaji, namkanya kwamba kudanganya mahakama ni kosa hata ukidanganya kwa hasara yako mwenyewe. Atafungwa mpaka mahakama itakapoondoka leo."

Wengi hawakuelewa. Mkalimani alirudia mara mbili: kifungo chake ni kukaa hapo kizimbani mpaka Jaji ainuke. Baada ya hapo aende nyumbani.

Anaeli alitumikia kifungo chake akiwa ameketi, kofia magotini, huku kesi ya wizi wa baiskeli ikisomwa. Jaji alipoinuka na watu wote wakasimama, askari alimfungulia kizimba, naye akatoka kama mtu anayetembea usingizini.

Namnyaki alikuwa akimsubiri nje, barabarani mbele ya Boma. Ndesanjo alisimama kwenye ngazi. Kazi yake ilikwisha, lakini miguu ilikataa kuondoka.

"Ng'ombe wametoka Akheri asubuhi," Anaeli akamwambia mjane. "Ndugu zangu wanawaleta."

"Ng'ombe wa nini?"

"Wa Parsimei."

"Jaji amesema hukumuua. Nikipokea ng'ombe wa damu, nimesema ulimuua. Unataka nimbishie mzungu?"

"Namnyaki—"

"Tena nisikilize, mume wa Marta. Ng'ombe wa damu ni wa ukoo. Lengai angewachagua, na nduguze, na wazee wao. Mimi ningebaki na mkia. Ungekaa gerezani unahesabu miaka, na watoto wangu wasingeonja hata kibuyu kimoja. Ulimuuliza nani kabla ya kujifunga?"

Anaeli hakuwa amemuuliza mtu. Wala Ndesanjo hakuwa amelifikiria hilo, yeye aliyelala kwenye tope kutafuta ukweli.

"Basi niwarudishe?"

"Nani amesema uwarudishe? Kwenu migomba imefika mlangoni, ng'ombe analala ndani na kubebewa majani kichwani. Kwangu kuna malisho. Wawekeshe kwangu. Wawe wako, niwatunze mimi. Maziwa yangu na watoto, ndama tunagawana. Mnyama wa mtu mwingine Lengai hawezi kumgusa, na wala hakuna atakayesema Parsimei alilipiwa. Watasema rafiki yake amemwamini mjane wake na mali yake."

Tangu msituni, tangu kituoni, tangu kizimbani, hakuna aliyemwona Anaeli akitoa chozi. Sasa alilia, kwa sauti, amesimama kati ya barabara, kofia imeanguka vumbini. Namnyaki aliiokota, akaikung'uta, akamsubiri amalize. Kisha wakaenda pamoja kuwapokea ng'ombe.